"Haya ni ya ng'ombe": Mahindi mabovu tunayoyakataa yanarudi kwenye kikombe cha chai

Kila baada ya mavuno ya masika, katika nyua nyingi za Kwale na Kilifi, utaikuta kazi ile ile. Mama ameketi mkekani, ungo mapajani, anachagua mahindi. Yaliyo safi yanakwenda upande mmoja, hayo yatapelekwa mashineni yakasagwe unga wa sima. Yaliyooza, yaliyoota ukungu wa kijani na yaliyotobolewa na wadudu yanatupwa kwenye gunia jingine. Ukimwuliza hayo ya pili atayafanya nini, jibu halichelewi: "Haya ni ya ng'ombe."

Hakuna ubaya wa nia katika jibu hilo. Ni uwekevu wa mtu asiyetaka kutupa alichokihangaikia shambani. Na si wa mkulima mdogo peke yake. Mwenye ghala akikuta magunia yamepata maji anafikiri hivyo hivyo, na msagaji akibaki na pumba za mahindi yenye kasoro anafikiri hivyo hivyo. Mahindi ambayo hayafai kwa binadamu yatafutiwe mnyama.

Tatizo ni kwamba ng'ombe wa maziwa si jaa la taka. Anachokula asubuhi, sehemu yake tunakinywa kesho yake. Hoja yangu katika makala haya ni moja: nchi hii imejifunza, kwa maisha ya watu, kuulinda unga wa sima dhidi ya sumu ya ukungu, lakini imeuacha wazi mlango wa nyuma, nao ni gunia la chakula cha ng'ombe. Na hapa Pwani, kwa hali yetu ya hewa na namna tunavyofuga, mlango huo uko wazi zaidi.

Sumu yenyewe

Kuvu inayosababisha balaa hili huitwa Aspergillus flavus, pamoja na ndugu yake Aspergillus parasiticus. Huishi udongoni, na hushambulia mahindi, karanga, mbegu za pamba na mbata. Huweza kuanza kazi mahindi yakiwa bado shambani, hasa mmea unapokumbwa na ukame au wadudu, kisha ikaendelea ghalani nafaka ikihifadhiwa na unyevu. Sumu inayotoa ndiyo aflatoksini, moja kati ya zile ambazo wataalamu wetu wa Kiswahili wameziita sumukuvu.

Wengi hudhani habari ya aflatoksini ilianza na unga wa watu. La hasha. Dunia iliigundua kupitia lishe ya mifugo. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika muda mfupi, na uchunguzi ukaishia kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Mashudu hayo yalikuwa na ukungu. Kutoka hapo ndipo wanasayansi walipoitambua sumu na kuipa jina.

Sisi Kenya tuliijua kwa njia chungu zaidi. Mwaka 2004, katika eneo la Ukambani, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Hayo ni madhara ya kula sumu nyingi kwa mpigo: ini linashindwa kazi, mwili unakuwa wa manjano, mtu anafariki dunia. Lakini kuna madhara ya pili yasiyopiga kelele. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hujiweka katika hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo huongezeka mara nyingi kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka aflatoksini katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu.

Ng'ombe akila chakula chenye aflatoksini B1, ini lake huibadilisha sehemu ya sumu hiyo kuwa aflatoksini M1, nayo hutokea kwenye maziwa. Haichukui muda mrefu: ndani ya siku moja tangu ng'ombe ale, sumu imo kiweleni. Hii M1 ni hafifu kuliko mama yake. Nguvu yake ya kuleta saratani inakadiriwa kuwa kama sehemu moja ya kumi ya B1. Hata hivyo anayeinywa zaidi ni mtoto, na mtoto ana mwili mdogo.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tumelelewa kuamini kwamba maziwa yakichemshwa yakapanda mara mbili yamekuwa salama. Ni kweli kwa vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya bruselosisi, na tuendelee kuchemsha. Lakini aflatoksini si kijidudu, ni kemikali. Moto wa jikoni hauiondoi, mitambo ya viwanda vya maziwa haiiondoi, na ukiyagandisha yakawa mtindi huwezi kutegemea kwamba imetoka.

Hesabu ya ndoo moja

Tufanye hesabu ndogo. Chukua ng'ombe wa kawaida wa kufugwa bandani, anayekula kilo 4 za unga wa ng'ombe kwa siku na kutoa lita 8 za maziwa. Tuseme unga huo una mikrogramu 100 za aflatoksini B1 kwa kila kilo, kiasi ambacho mahindi yaliyoota ukungu yanaweza kukifikia bila shida. Ng'ombe huyo amekula mikrogramu 400. Kwa kawaida asilimia 1 hadi 2 ya sumu aliyokula ng'ombe huingia kwenye maziwa, na kwa ng'ombe wa maziwa mengi inaweza kufika asilimia 6. Tukichukua 2, ni mikrogramu 8 katika lita 8. Kila lita ina mikrogramu moja.

Kiwango cha juu kinachokubaliwa na Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, ni nusu mikrogramu kwa kilo ya maziwa. Muungano wa Ulaya umekaza zaidi, unakubali 0.05 tu. Kwa hiyo maziwa ya ng'ombe wetu yamezidi kiwango cha Codex mara mbili, na cha Ulaya mara 20. Na yanaonekana meupe, mazito, yenye malai ya kupendeza.

Rudia hesabu hiyo hiyo kwa unga wenye mikrogramu 5 tu kwa kilo. Utapata 0.05 kwenye maziwa. Ndiyo maana watunga viwango wengi hushikilia hiyo 5 kwa chakula cha ng'ombe wa maziwa. Si namba iliyookotwa hewani.

Habari njema imo katika hesabu hiyo hiyo. Ng'ombe akiondolewa chakula kibovu, maziwa yake husafika baada ya siku chache. Sumu haikai mwilini mwake miaka. Kwa maneno mengine, hili ni tatizo linaloweza kumalizwa kwenye hori, ndani ya wiki moja, mradi mtu ajue lipo.

Kenya tumekwisha kupima

Mwaka 2009 watafiti wa Kenya walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vyakula vya mifugo na maziwa katika miji kadhaa ya bara. Walikusanya sampuli zaidi ya 800 za chakula cha mifugo na zaidi ya 600 za maziwa. Zaidi ya asilimia 80 ya sampuli za chakula walizochukua kwa wakulima zilikuwa na aflatoksini B1, na nyingi kati ya hizo zilipita mikrogramu 5 kwa kilo. Hali haikuwa tofauti sana kwa wasagaji wala kwenye maduka ya agroveti. Upande wa maziwa, sampuli nyingi zilikutwa na M1, yakiwemo karibu maziwa yote ya paketi yaliyopimwa, ingawa katika nyingi kati yake kiasi kilikuwa chini hata ya kipimo kikali cha Ulaya.

Matokeo hayo yanafundisha mambo mawili. Kwanza, mkulima anayenunua gunia lililoshonwa vizuri lenye nembo dukani hana uhakika kuliko yule anayejichanganyia nyumbani. Pili, maziwa ya paketi si kimbilio. Kiwanda huchanganya maziwa ya wafugaji mamia, hivyo sumu huzimuliwa ikawa kidogo kwa kila paketi, lakini hakuna mashine kiwandani inayoichuja.

Kwa nini Pwani ichukue tahadhari zaidi

Kuvu hii inapenda joto na unyevu. Hustawi kwenye joto la nyuzi 25 hadi 35, na hewa yenye majimaji. Anayeishi Mombasa, Malindi au Lamu hahitaji kuelezwa zaidi. Chumvi mezani kwetu huyeyuka yenyewe wakati wa masika. Gunia la wishwa lililokuwa kavu kabisa lilipopakiwa bara, likikaa miezi miwili kwenye duka la mabati huku mvua zinapiga, linavuta unyevu kutoka hewani na kutoka sakafuni. Linapofunguliwa limeganda madonge.

Halafu kuna mbata. Hapa sisi tuna jambo letu ambalo watu wa bara hawana. Nazi mbichi inapopasuliwa, nyama yake karibu nusu ni maji. Ili iwe salama kuhifadhi, unyevu unatakiwa ushuke hadi asilimia 6 hivi. Ikianikwa juani vizuri kwa siku kadhaa mfululizo, hufika. Ikianikwa siku ya mawingu, ikanyeshewa, ikakusanywa nusu mbichi, hukaa kwenye ule unyevu wa asilimia 8 hadi 12 ambao kuvu ya manjano-kijani huupenda mno. Mafuta yakishakamuliwa, yanayobaki ni mashudu ya nazi, chakula kizuri sana cha ng'ombe ikiwa mbata ilikuwa safi. Chicha ya nyumbani nayo, ikilundikwa siku mbili tatu kwa ajili ya mbuzi na ng'ombe, huota ukungu upesi.

Tena, Pwani tuko mwisho wa safari ndefu. Sehemu kubwa ya pumba, chembe za mahindi, mashudu ya pamba na ya alizeti tunayolisha haikuzalishwa hapa. Hutoka bara, na nyingine huvuka mpaka kutoka Tanzania kupitia Lungalunga na Taveta. Kila kituo njiani ni nafasi ya gunia kulowa, na kila mkono unaopokea unaamini kwamba aliyetangulia alikagua.

La mwisho ni mabadiliko ya ufugaji wenyewe. Ng'ombe wa Waorma na Wawardei wanaochunga nyikani Tana River hula nyasi zaidi, na nyasi za malisho kwa kawaida hazina sumu hii kwa wingi. Lakini kadiri ardhi inavyogawanywa viwanja na watu wa Kisauni, Likoni, Mtwapa na Ukunda wanavyofuga ng'ombe wawili watatu bandani, ndivyo tunavyotegemea cha kununua: unga wa ng'ombe, machicha, hata mikate iliyolala kutoka kwenye viwanda vya kuoka. Ukame nao hutusukuma huko huko. Kati ya 2020 na 2023, misimu mitano ya mvua ilipofeli mfululizo, mfugaji alichukua chochote kilichouzwa. Ng'ombe anayekufa njaa hachaguliwi chakula.

Sheria inayoishia kwenye unga

Tuje kwenye siasa ya jambo hili, maana lina siasa.

Baada ya maafa ya 2004, serikali ilibana upande wa chakula cha binadamu. Kiwango cha aflatoksini kwenye mahindi ya watu kiko wazi, jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Novemba 2019, shirika la viwango KEBS lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hiyo, na Januari 2020 likasimamisha nyingine 17. Siagi ya karanga nayo ilipitiwa na panga hilo. Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ilipiga marufuku mahindi kutoka Uganda na Tanzania, malori yakakwama mipakani, na siku chache baadaye marufuku ikageuzwa kuwa masharti: mzigo uje na cheti kuonyesha haujapita mikrogramu 10.

Hatua hizo zilikuwa na haki yake. Lakini jiulize swali ambalo hatulisikii sana: mahindi yaliyokataliwa yalikwenda wapi? Mwenye lori amelipa fedha zake. Ghala limejaa. Kuyateketeza ni gharama juu ya hasara. Kando yake kuna soko ambalo halimuulizi maswali mengi, soko la chakula cha mifugo. Kila tunapokaza kamba upande wa unga bila kukaza upande wa lishe, tunaongeza msukumo wa mahindi mabovu kuingia kwenye hori. Hatujayaondoa kwenye chakula cha taifa, tumeyapitisha kwa ng'ombe.

Si kwamba hakuna viwango vya lishe ya mifugo. Vipo, na KEBS ndiyo inayovitunza. Sheria ya Mbolea na Vyakula vya Mifugo, Sura ya 345, nayo ipo tangu enzi za uhuru. Bodi ya Maziwa ipo. Na Katiba ya 2010, katika jedwali la nne, iliikabidhi kaunti kazi ya ufugaji na udhibiti wa magonjwa ya mifugo. Ukihesabu, wenye dhamana ni wengi. Lakini mahali pa wengi kila mmoja humngoja mwenzake. KEBS inatazama nembo kwenye gunia, Bodi ya Maziwa inatazama leseni na kama maziwa yametiwa maji, afisa wa mifugo wa kaunti ana pikipiki moja na wadi nzima. Anayechanganya pumba kwa sepeto nyuma ya duka na kuuza kwa debe, gunia bila nembo, ni nadra kufikiwa na yeyote.

Kuna funzo Ulaya, kwani nao walipitia haya. Mwaka 2012 ukame mkali uliyapiga mahindi ya nchi za Balkani. Mapema 2013 aflatoksini ikakutwa kwenye maziwa. Ujerumani iligundua kwamba mahindi ya Serbia yalikuwa yameingia kwenye chakula cha mifugo kilichosambazwa kwa mashamba zaidi ya 4,000, na kwa kuwa kila gunia lilikuwa na kumbukumbu ya lilikotoka na lilikokwenda, mashamba hayo yalijulikana, na maziwa ya yaliyotiliwa shaka yakazuiwa hadi yapimwe. Serbia yenyewe ilichukua njia nyingine: ilipandisha kiwango cha sheria kutoka 0.05 hadi 0.5, na maziwa yaliyokuwa haramu jana yakawa halali leo.

Tofauti ya nchi hizo mbili haikuwa ukungu, maana ukungu ulikuwa ule ule. Ilikuwa daftari. Sisi hatuna budi kuamua tunataka kuiga nani. Leo mtoto akiugua Msambweni, hakuna njia ya kumfuata ng'ombe, wala gunia, wala lori.

Usimlaumu mama muuza maziwa

Nikisema haya sitaki mtu asimamishe bodaboda ya muuza maziwa asubuhi na kumtukana. Yule mama anayekamua ng'ombe wake mmoja na kupeleka chupa nyumba kumi za jirani hana macho ya kuona sehemu tano katika bilioni. Hakuna aliye nayo. Mahindi yanaweza kuonekana safi na yawe na sumu, na yanaweza kuwa na ukungu mwingine usio na sumu hii. Tena sumu haisambai sawasawa: katika gunia zima, punje chache zinaweza kubeba karibu yote, ukichota kiganja kimoja ukapima unaweza kuikosa.

Na yeye ndiye wa kwanza kupata hasara. Ng'ombe anayekula sumu kidogo kidogo hupunguza maziwa, hupoteza hamu ya kula, ini lake huharibika, ndama wake hudhoofu. Mfugaji huita daktari, hununua dawa ya minyoo, hununua dawa ya kupe, wengine husema ng'ombe katiwa jicho. Gunia lililo pembeni mwa banda halishukiwi.

Pia sitaki mtu aache kumpa mtoto maziwa. Takwimu za afya za taifa za 2022 zilionyesha kwamba asilimia 37 ya watoto wa Kilifi walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango cha juu kuliko kaunti zote nchini, wakati wastani wa taifa ni asilimia 18. Sababu kubwa ni umaskini, maradhi na mlo duni. Wanasayansi wanaishuku aflatoksini pia kuchangia kudumaa, ingawa mjadala haujakwisha. Mtoto wa namna hiyo anahitaji maziwa zaidi. Ndiyo maana maziwa yenyewe hayana budi kuwa safi. Kumwambia mzazi maskini achague kati ya maziwa yenye shaka na kukosa maziwa kabisa ni dhuluma.

Yanayowezekana sasa

Nyumbani na bandani, kinga ya kwanza ni ukavu. Mahindi yahifadhiwe yakishuka unyevu wa asilimia 13.5. Asiye na kipimo atumie chupa na chumvi: tia mahindi kiasi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, acha dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado hayajakauka. Yaanikwe juu ya turubai, yasigusane na udongo, kwa kuwa kuvu makao yake ni udongoni. Magunia yawekwe juu ya chanja, mbali na ukuta. Wazee wetu waliokuwa wakiweka mahindi uchagani juu ya meko, moshi ukipita, walijua wanachokifanya. Unga wa ng'ombe ununuliwe wa wiki mbili tatu, usiwe wa msimu mzima. Ukifungua gunia ukakuta madonge, joto au harufu ya uvundo, lirudishe dukani, na usichanganye na zuri ili liishe. Saileji ikiwa na tabaka la ukungu juu, litupwe. Kuku na bata nao wasigeuziwe mzigo huo, bata hasa hufa haraka kwa sumu hii. Upo udongo maalumu unaochanganywa kwenye lishe ili kuishika sumu tumboni mwa ng'ombe, nao husaidia kupunguza. Lakini usichukuliwe kama ruhusa ya kulisha uozo.

Kwa mwenye mbata, asianze kupasua nazi siku ya mawingu kama hana tanuri. Na mnunuzi alipe bei tofauti kwa mbata kavu na mbata yenye ukungu. Bei ikiwa moja, nani atajisumbua kuanika siku tano?

Kwa vyama vya ushirika na vikundi vya kina mama, nguvu iko kwenye kupima pamoja. Vipo vipimo vya ukanda vinavyotoa jibu katika dakika chache. Mfugaji mmoja hawezi kumudu kipimo kwa ng'ombe mmoja, lakini kituo cha kukusanyia maziwa kinaweza kupima mchanganyiko wa siku mara moja kwa wiki. Ukikutwa una sumu, wapimwe waliochangia, wajulikane wamenunua lishe wapi. Mara nyingi jibu litaelekea duka moja au lori moja. Hilo ndilo daftari la Ujerumani kwa kipimo chetu.

Serikali za kaunti zetu sita zina bajeti za kilimo na mifugo. Badala ya kila kaunti kutaka maabara yake ya kukatiwa utepe, ziungane ziwe na mpango mmoja wa kuchukua sampuli kwenye maduka na mashine za kuchanganya lishe, hasa masika, na kutangaza matokeo. Shamba nalo lisisahaulike. Ile dawa ya Aflasafe KE01, ambayo ni kuvu jamii ile ile isiyotoa sumu na hutawanywa shambani ili iishinde ile mbaya, hutengenezwa na KALRO kule Katumani, na imetumiwa pia kwenye mashamba ya unyunyizaji ya Bura na Hola. Mkulima wa Ganze au Kinango anastahili kuisikia kutoka kwa afisa wa kilimo.

Serikali kuu ina jukumu ambalo kaunti haiwezi kulibeba. Mzigo wowote unaokataliwa kwa sumu, mpakani au ghalani, uandikwe, ufuatwe, na iwe wazi hadharani mwisho wake ulikuwa nini. Kama ni kuteketezwa, uteketezwe mbele ya mashahidi. Bila hivyo, kila marufuku ni kuhamisha tatizo tu.

Sisi Wapwani tumezoea kuuliza kama chakula ni halali. Ni desturi nzuri. Lakini halali ina mwenzake, twayyib, yaani kilicho chema na safi. Maziwa ya ng'ombe aliyelishwa uozo kwa kujua, muuzaji anayajibu vipi mbele ya swali la pili?

Turudi kwa yule mama mkekani. Ungo wake unafanya kazi nzuri kuliko mashirika mengi, maana ameshatenga mabovu na mazuri. Kosa liko kwenye gunia la pili na jina alilolipa. Liitwe jina lake la kweli, taka, lifukiwe au lichomwe mbali na hori. Kama serikali na wanunuzi wangempa sababu ya kufanya hivyo, angefanya. Na jioni akimimina maziwa kwenye chai ya wajukuu zake, angekuwa anawapa kile alichokikusudia.